Mjumbe Hauawi: Taa Nyekundu na Kipimo cha Mwendo Katika Lori Kuukuu

Fikiri habari ya lori moja la Bedford, kuukuu lakini lenye nguvu, linalochukua viazi kutoka Kinangop kwenda Nairobi. Siku moja taa nyekundu ya oili iliwaka njiani. Dereva akasimama kando ya barabara, akazima injini, akapima oili na kuiona imejaa. Akangoja nusu ya siku, na fundi alipofika aliona kwamba waya ya taa ile imechubuka nayo inagusa chuma. Taa ilikuwa imesema uwongo. Dereva akaona uchungu kwa ajili ya wakati uliopotea, na badala ya kumwambia fundi aifunge waya vizuri, akaichomoa balbu akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo taa haikumsumbua tena.

Baada ya miezi michache bomba la oili lilipasuka kweli. Oili yote ikamwagika barabarani, wala taa haikuwaka, maana haikuwa na balbu. Dereva alipata habari kwa masikio tu: injini ilipiga kelele kama nyundo juu ya fuawe, kisha ikakwama. Beringi zikawa zimeyeyuka na krenki imeharibika. Mwenye lori, ambaye alikuwa bado akilipa deni la kulinunua, akabaki na gari lisilotembea na deni linalotembea.

Kisa hiki ni mfano tu, lakini mambo yaliyomo hutokea katika kila barabara ipitwayo na malori ya zamani. Malori ya Bedford ya namna ya TJ na TK, yaliyouzwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, pamoja na mengine ya umri huo, hayana kompyuta ya kueleza ugonjwa wao. Yana mshale wa mwendo, geji mbili tatu, na taa chache nyekundu. Vitu hivyo haviendeshi lori wala havilisimamishi. Ni wajumbe, na kazi yao ni kuleta habari kutoka mahali ambapo jicho la dereva haliwezi kufika.

Wazee walisema mjumbe hauawi. Hata hivyo mjumbe aweza kukosea, na kwa hiyo dereva mwenye busara humhoji kabla ya kumsadiki au kumkataa. Swali la kumwuliza ni moja: je, ni kitu chenyewe kilichoharibika, au ni yule aletaye habari zake? Kabla jibu halijapatikana, yapasa habari ihesabiwe kuwa ni kweli. Kusimama bure hupoteza saa chache. Kuendelea mbele bila kujua kwaweza kupoteza injini, na pengine roho za watu.

SALAMU YA ASUBUHI

Jambo la kwanza halihitaji spana wala fedha. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, dereva na ageuze ufunguo hadi kituo cha kwanza, kisha atazame dashibodi. Taa ya oili na taa ya chaji hapana budi ziwake. Injini imesimama, kwa hiyo oili haina nguvu ya kusukuma na dinamo haitoi umeme. Taa zikiwaka husema kweli. Injini ikisha kuwaka, taa hizo zizimike baada ya sekunde chache. Hii ni kama salamu ya asubuhi. Ajibuye salamu yu hai. Asiyejibu yapasa atazamwe ana nini.

Watu wengi huogopa taa iwakayo, lakini hawaogopi ile isiyowaka kamwe. Yafaa waogope zaidi hiyo ya pili. Taa isiyowaka wakati wa salamu haitawaka wakati wa hatari. Kwanza ibadilishwe balbu kwa kuazima ile ya taa ya jirani ambayo inajulikana kuwa nzima. Ikiwa balbu si kosa, zitazamwe fyuzi na waya, na mwisho kile kitu kinachoileta habari, yaani swichi iliyo katika injini.

Lakini ikiwa taa na geji kadhaa zimekufa kwa pamoja, si kawaida balbu tatu kuungua siku moja. Hapo itafutwe njia moja ambayo wote huitumia: fyuzi, waya iletayo umeme kwenye dashibodi, au athi. Athi ni njia ya kurudi. Umeme hutoka upande mmoja wa betri kwa waya, ukafanya kazi yake katika balbu, kisha ukarudi upande wa pili wa betri kwa kupitia chuma cha bodi na chasisi. Katika lori kuukuu, kutu na rangi iliyopakwa juu ya nati huziba njia hiyo. Dalili yake ni ya ajabu: dereva akiwasha taa ya kukata kona, taa nyingine isiyohusika huanza kumetameta, au taa zote hufifia pamoja. Umeme uliokosa njia yake umejitafutia njia ya jirani. Dawa ni kuifungua nati ya athi, kukwangua chuma mpaka king'ae, na kuikaza tena.

Tahadhari moja. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya baadaye. Asiyetazama jambo hilo, akaunganisha kitu kipya kwa mazoea tu, aweza kukiunguza mara moja.

TAA YA OILI

Taa hii haipimi wingi wa oili. Hutoa habari za nguvu ya oili ndani ya injini. Swichi yake imekazwa kwenye ubavu wa injini. Nguvu ikiwa haipo, swichi huunganisha waya na chuma cha injini, na taa huwaka. Nguvu ikipanda, oili huisukuma swichi, muungano huachana, na taa huzimika. Katika injini nyingi mpaka wake ni mdogo sana, chini ya baa 1. Kwa hiyo taa ikiwaka wakati injini inazunguka, habari yake si kwamba oili imepungua kidogo. Ni kwamba beringi zimekaribia kukauka. Injini izimwe hapo hapo, si kwenye duka la mbele wala mwisho wa mlima.

Injini ikisha kuzimwa, lori likae mahali pa tambarare kwa dakika chache, kisha oili ipimwe kwa kijiti chake. Chini ya lori patazamwe kama pana oili iliyomwagika. Ikiwa oili imetosha wala haivuji, mjumbe na ahojiwe hivi, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umegeuzwa:

Waya ichomolewe kwenye swichi, ishikwe isiguse kitu chochote. Taa ikiendelea kuwaka, kosa ni la waya: mahali fulani kati ya swichi na dashibodi imechubuka nayo inagusa chuma. Jaribio hili huchukua dakika tano. Lingalimwokoa yule dereva wa viazi na nusu ya siku ya kungoja, na zaidi ya hayo lingalimwokoa na ile hasira iliyomfanya achomoe balbu.

Taa ikizimika waya inapochomolewa, basi waya ni nzima. Yamebaki mambo mawili: ama swichi imekufa, ama kweli oili haina nguvu. Hapo hapana kubahatisha. Fundi aitoe swichi, na katika tundu lake akaze geji ya kupimia nguvu ya oili, kisha awashe injini kwa muda mfupi na kusoma. Geji ikionyesha nguvu nzuri, inunuliwe swichi mpya, nayo ni kitu cha bei ndogo. Geji isipopanda, hakuna swichi itakayoiponya injini hiyo.

Kuna taa nyingine ambayo humetameta tu wakati injini imepata moto nayo inazunguka polepole, kisha huzimika dereva akikanyaga mafuta. Madereva wengi hupoza dalili hiyo kwa kukanyaga mafuta. Hiyo si dawa. Aghalabu maana yake ni kwamba oili imekuwa nyepesi, au ni pungufu, au beringi zimelika hata oili hupita kwa urahisi mno. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye lori bado ana nafasi ya kutengeneza kabla mvua haijanyesha.

TAA YA CHAJI

Ili kuifahamu taa hii, fikiri mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba. Maji ya pipa moja yakiwa juu kuliko ya pili, maji hupita katika bomba. Yakilingana, hayaendi upande wowote. Taa ya chaji ndiyo bomba hilo. Upande mmoja una betri, na upande wa pili una dinamo au alteneta. Injini ikisimama, umeme wa betri hupita kwa taa na kuiwasha. Injini ikizunguka na dinamo ikitoa umeme wake, pande mbili hulingana na taa huzimika.

Taa ikiwaka ghafula njiani, kitu cha kwanza kutazamwa ni mkanda wa feni. Katika injini nyingi mkanda ule ule uzungushao dinamo huzungusha pia pampu ya maji. Mkanda ukikatika, si umeme peke yake uliokoma. Maji pia yamekoma kuzunguka, na injini itachemka baada ya safari fupi. Kwa hiyo injini izimwe kwanza, ndipo mkanda utazamwe. Ukiwa umelegea, ukazwe mpaka kidole gumba kikiubonyeza katikati ya sehemu yake ndefu ushuke kama sentimita 1 hivi. Ukiwa mzima nao umekaza, kosa laweza kuwa katika brashi za kaboni, katika rekuleta, au katika waya zilizolegea. Hapo lori laweza kusogea mchana kwa muda kwa nguvu ya betri, lakini haifai kabisa kusafiri nalo usiku, maana taa kubwa zitaimaliza betri, na lori litazimika gizani katikati ya barabara.

Taa inayofifia kama kaa la moto, isiyowaka sana wala kuzimika, husema kwamba pande mbili zimekaribiana lakini hazikulingana. Ziangaliwe nati zilizoshika kutu na vichwa vya betri vyenye unga mweupe; na ikiwa ni alteneta, huenda baadhi ya dayodi zake zimeungua. Mita ya umeme huondoa shaka. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi; injini ikizunguka na chaji ikiwa nzuri, mita husimama katikati ya 13.8 na 14.4. Katika malori ya volti 24 hesabu hizo ni maradufu.

Iko desturi mbaya ambayo yapasa iachwe. Baadhi ya mafundi hujaribu chaji kwa kuchomoa kichwa cha betri wakati injini inazunguka. Injini isipozimika, husema dinamo ni nzima. Katika gari lenye alteneta, tendo hilo hupandisha umeme ghafula na laweza kuunguza dayodi zilizokuwa nzima. Mgonjwa aliyekuja na homa huondoka na mguu uliovunjika.

GEJI ZA JOTO NA MAFUTA

Geji ya joto ya umeme hupata habari kutoka kwenye kipande kidogo kilichozama katika maji ya injini. Katika malori mengi, waya yake ikikatika mshale hukaa upande wa baridi daima. Ikigusa chuma, mshale hukimbilia upande wa moto hata asubuhi kabla ya injini kuwashwa. Dereva ajuaye hayo hawezi kudanganywa kwa urahisi. Lakini na akumbuke hatari moja: maji yakiisha kabisa, kipande kile huachwa hewani, na mshale waweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale uliopanda kisha ukashuka ghafula haukuleta habari njema. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati huo, maana mvuke utamchoma mtu uso.

Geji ya joto na geji ya mafuta zikianza kukosea pamoja, zote juu au zote chini, kosa si la tangi wala la maji. Katika magari mengi ya Uingereza yaliyoundwa tangu miaka ya 1960, geji hizo mbili hulishwa na kisanduku kimoja kidogo nyuma ya dashibodi, ambacho hupunguza umeme wa volti 12 hadi kama 10. Athi ya kisanduku hicho ikilegea, geji zote mbili husoma juu kupita kiasi, na dereva aliyeona tangi limejaa huishiwa na mafuta njiani.

TAA NA KENGELE YA BREKI

Habari ya breki ni fupi, kwa kuwa haina mjadala. Malori yenye breki za upepo yana taa au king'ora kinachoonya upepo ukipungua, kwa kawaida kwenye baa 4 hivi, yaani ratili 60 hivi kwa kila inchi mraba. Lori lisiondoke mahali pake kabla onyo hilo halijakoma. Ili kulijaribu, magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo, injini izimwe, ufunguo ubaki umegeuzwa, kisha breki ikanyagwe mara nyingi. Upepo ukishuka bila onyo, mjumbe amekufa, na lori lisipakiwe mzigo mpaka atengenezwe.

KIPIMO CHA MWENDO

Kipimo cha mwendo, ambacho madereva hukiita spidomita, hakina taa nyekundu, na kwa hiyo hudharauliwa kuliko wajumbe wengine wote. Malori mengi hupita miaka na mshale uliolala kwenye sifuri. Dereva husema anaujua mwendo kwa sauti ya injini. Yamkini katika tambarare asikosee sana. Lakini mtelemkoni, gari likiwa na mzigo, sauti humdanganya. Macho yaliyozoea mwendo mkubwa huuona mwendo wa kati kuwa mdogo.

Ndani ya lori la zamani kipimo hiki hakitumii umeme. Gia ndogo nyuma ya giaboksi huzungusha kebo nyembamba iliyomo ndani ya ala yake, na kebo hupanda mpaka nyuma ya dashibodi. Huko huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haigusi kikombe, ila mzunguko wake hukivuta, na springi nyembamba kama unywele hukizuia. Kadiri sumaku inavyokwenda mbio, ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi, na mshale uliopachikwa juu yake hupanda. Otto Schulze wa Ujerumani alipata hati ya uvumbuzi wa namna hii mwaka 1902. Tarakimu zihesabuzo umbali huzungushwa na kebo ile ile, lakini kwa meno ya gia, si kwa sumaku. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuutambua ugonjwa.

Ikiwa mshale umekufa lakini tarakimu zinahesabu, basi kebo inazunguka. Kosa limo ndani ya kipimo chenyewe, katika kikombe, springi au mshale. Kazi hiyo ni ya fundi wa vyombo vidogo.

Ikiwa mshale na tarakimu vimekufa pamoja, kebo ishukiwe kwanza. Ifunguliwe nyuma ya kipimo, kisha lori lisogezwe polepole mahali pa wazi huku mtu mmoja akitazama ncha yake. Ikizunguka, kosa ni la kipimo. Isipozunguka, kebo ivutwe nje ya ala. Ikiwa imekatika, inunuliwe nyingine yenye urefu ule ule. Ikiwa nzima, ncha zake za pembe nne zitazamwe kama zimelika na kuwa mviringo. Zikiwa nzuri, basi gia ndogo ya kwenye giaboksi ndiyo iliyokwisha.

Ikiwa mshale unarukaruka kama panzi, au pana sauti ya kukwaruza nyuma ya dashibodi, kebo ni kavu au ala yake imekunjwa mno. Isipinde kwa mviringo mdogo kuliko sentimita 15 kutoka katikati, wala isiguse bomba la moshi. Kebo ioshwe, ipakwe grisi nyepesi, lakini sentimita 20 za juu, zilizo karibu na kipimo, ziachwe bila grisi. Asiyefanya hivyo ataona grisi ikipanda na kebo mpaka kwenye sumaku. Hapo kikombe hunata, na mshale hupanda juu kabisa wakati lori linatambaa.

Kosa lililo baya kuliko yote ni la kipimo kinachofanya kazi vizuri lakini kinasema uwongo kwa utulivu. Kipimo hakijui mwendo wa lori. Kinajua mizunguko tu. Mtu akitia matairi ambayo mzunguko wake ni mkubwa kwa sehemu 5 katika 100, mshale utasema 60 wakati lori linakwenda 63. Akibadilisha gia za difu, uwongo waweza kuwa mkubwa zaidi. Na akinunua kipimo cha zamani kutoka gari jingine, na atazame namba ndogo iliyoandikwa usoni mwake: katika vipimo vingi vya Smiths vya Uingereza huonyesha mizunguko ya kebo kwa kila maili, nayo yapasa ilingane na ile ya kipimo cha kwanza.

Na atazame pia kama uso ule unahesabu maili au kilomita. Maili 1 ni kilomita 1.6. Kanuni zilizoanza kutumika nchini Kenya mwezi wa Februari 2004 ziliweka vizuizi vya mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika magari ya abiria. Sasa mfikiri dereva mgeni katika lori lenye kipimo cha maili, akishuka kutoka nyanda za Limuru kwenda Mai Mahiu, katika barabara ile iliyojengwa na wafungwa wa vita Waitaliani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mshale unasema 50, naye anajiona anakwenda kwa adabu. Kwa kweli anakwenda kilomita 80 kwa saa, na mzigo unamsukuma kutoka nyuma kuelekea kona. Hakuna kitu kilichoharibika katika lori hilo. Ila habari haikufahamika.

Njia ya kukijaribu kipimo ni saa ya mkono na mawe ya kilomita yaliyo kando ya barabara. Dereva aushike mwendo mmoja katika tambarare, na mwenziwe ahesabu sekunde kutoka jiwe moja hadi la pili. Sekunde 90 ni kilomita 40 kwa saa. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 60 ni 60. Sekunde 45 ni 80. Kwa hesabu nyingine yoyote, 3,600 igawanywe kwa sekunde zilizopatikana. Taniboi asiyejua gia hata moja aweza kuifanya kazi hiyo, na majibu yaandikwe katika kipande cha karatasi kibandikwe juu ya dashibodi mpaka kipimo kitakapotengenezwa.

Wala kipimo si kwa ajili ya mwendo peke yake. Mwenye lori asiye na hesabu ya umbali hajui ni lini oili ibadilishwe, hajui lori linakunywa mafuta kiasi gani kwa kila safari, wala hajui tairi jipya limedumu umbali gani. Hufanya biashara kwa kukisia, na akipata hasara hajui imeingilia mlango upi.

DAFTARI NA BALBU YA AKIBA

Mambo haya yote hayahitaji karakana kubwa. Yatosha mwenye lori awe na balbu mbili za akiba, fyuzi, mkanda wa feni, kipande cha waya na mita ndogo ya umeme. Na awe na daftari ambamo dereva ataandika kila taa iliyowaka na kila mshale uliokosea, pamoja na tarehe, mahali, na iwapo injini ilikuwa baridi au ya moto. Fundi asomaye daftari la namna hiyo huanza kazi akiwa amekwisha kufika nusu ya safari.

Lililo kubwa kuliko vifaa ni mapatano kati ya mwenye lori na dereva wake. Dereva anayekaripiwa kila asimamapo kwa ajili ya taa atajifunza kutosimama, na siku moja atachomoa balbu. Mwenye lori na amwambie wazi kwamba saa zilizopotea kwa kumhoji mjumbe hazitakatwa katika mshahara wake. Naye dereva, akimwona mjumbe amesema uwongo, asimwue. Amtengeneze, ili kesho akisema kweli asadikiwe.